Mwaka Nilipofungua Klachi

Tulimzika Lazaro Alhamisi, na tangu nirudi makaburini miguu yangu haijakubali kunibeba zaidi ya kutoka kitandani hadi barazani. Nilipoitwa kusema maneno machache kama rafiki wa familia, nilisimama, nikashika mgongo wa kiti, nikasema marehemu alikuwa mtu mvumilivu, nikaketi. Watu walidhani majonzi ndiyo yaliyonifupisha. Majonzi yalikuwepo, sikatai, lakini kilichonifunga mdomo ni uchovu wa jambo moja ambalo nimetembea nalo zaidi ya miaka arobaini. Danieli mume wangu alitangulia zamani, sasa Lazaro amemfuata, na katika sisi watatu tuliolijua lote nimebaki mimi. Nimekaa hapa barazani siku mbili nikijaribu kulikumbuka kwa mpangilio wake, jinsi lilivyotokea, bila kujipendelea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mpaka wa Kenya ukiwa bado umefungwa na maduka ya Karatu yakiwa na rafu ndefu zenye viberiti na chumvi tu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la tatu, mke wa bwana mifugo. Tulipanga vyumba viwili kwa Mama Tarmo, mjane wa Kiiraqw, upande wa juu wa mji, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea msitu wa Ngorongoro. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda, sanduku la bati, na baridi. Cha mbele kilikuwa na meza, viti vitatu vya mbao, na dirisha lililotazama uani, ambako Mama Tarmo alifuga mbuzi wawili na kuanika mbaazi zake. Kati ya vyumba vile na chake palikuwa na ukuta wa udongo ambao haukuzuia kitu. Yeye alijua tunakula nini, nasi tulijua anamwombea nani. Chakula chetu kilikuwa makande ya ngwara, yale maharage meusi ambayo huhitaji kuni nyingi na subira nyingi, na chai isiyo na sukari, kwa sababu sukari ilikuja kwa balozi wa nyumba kumi pale ilipopenda kuja. Nikikumbuka mwaka ule, cha kwanza kinachonirudia si sura ya mtu yeyote. Ni mikono yangu ikinuka moshi na chaki, na kule kutamani mtu aniambie, keti, nitachota maji mimi.

Danieli na Lazaro walitumia pikipiki moja ya ofisi, kwa zamu. Wiki moja Danieli alipanda nayo kwenda Nainokanoka na maboma ya juu kuchanja ng'ombe. Wiki iliyofuata Lazaro aliteremka nayo mpaka Malambo, kwenye joto na vumbi jeupe. Lazaro alikuwa mtu wa Samunge, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba watu waliacha kutafuna ili wamsikie. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, Yona, katika nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila walipokabidhiana pikipiki alikula kwetu, na mimi nilipenda kusikiliza mazungumzo yao kuliko redio. Walizungumza juu ya kwato, juu ya kupe, juu ya mzee fulani wa Soitsambu aliyekataa sindano mpaka sindano ilipokubali kwanza kumchoma mbwa wake. Danieli mwenyewe alikuwa akiniambia, "Lazaro akimtazama ng'ombe anajua anaumwa nini kabla hajamgusa. Mimi lazima niguse." Kwa hiyo mwezi wa nne, nafasi moja ilipotoka ya kwenda chuo cha mifugo kwa miaka miwili, na jina lililoandikwa likawa la Lazaro, hakuna aliyeshangaa. Nilichinja jogoo. Danieli alimpa mkono mezani, akasema, "Umestahili, ndugu yangu," na ninaamini mpaka leo kwamba alisema kwa moyo mweupe.

Kisha homa ikaanza. Danieli aliificha wiki tatu nzima, maana wanaume wa kazi ile waliona aibu kuumwa wakati ng'ombe ndio wanaopaswa kuumwa. Jumamosi moja ya mwezi wa tano aliifungua klachi ya ile pikipiki pale uani ili abadilishe pleti zake, atie mpya zilizokuwa zimeletwa kutoka Arusha. Mimi nilikuwa nafua. Nilimwona akifuta jasho usoni ingawa upepo ulikuwa wa baridi, na mara mbili nilimwona ameketi tu, ameshika spana, anatazama chini. Alipomaliza aliniambia mgongo unamuuma, akaenda kulala saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jumatatu Lazaro alichukua pikipiki, akaenda zake Malambo, na aliporudi ilikuwa na mlio. Ikiwa imesimama inaunguruma, ilisikika kama mtu anatikisa maharage ndani ya kopo la bati. Mama Tarmo aliisikia kabla yetu. "Mwalimu," aliniita kutoka upande wake wa ukuta, "huyo punda wa serikali anakohoa."

Wiki mbili baadaye mkubwa wao wa kazi alipita Karatu. Sitamtaja jina, ana watoto. Danieli alikuwa amejikaza, amevaa shati safi, ameketi naye chumba cha mbele, na mimi nilikuwa chumba cha nyuma nikimimina chai kwenye vikombe vyetu viwili visivyofanana. Nilisikia mkubwa akisema, "Hii pikipiki ilikuwa nzima. Nani ameiharibu?" Kisha nikamsikia Danieli, polepole, kama mtu anayeonja neno kabla ya kulimeza: "Lazaro hushika nusu klachi, haachii mkono wote, akipanda mlima. Nimemwambia mara nyingi." Mkubwa akaguna. Akasema mtu asiyetunza mali ya umma hawezi kupelekwa chuo kwa fedha za umma. Nilitoka na chai, nikaiweka mezani, na Danieli hakunitazama. Nilidhani ni homa.

Kabla ya mwezi kwisha jina la Lazaro lilikuwa limefutwa na la Danieli limeandikwa mahali pake. Lazaro alihamishiwa Malambo moja kwa moja, bila pikipiki, atembee kwa miguu kutoka boma hadi boma. Aliondoka na mke wake na Yona juu ya lori lililokwenda kuchukua ng'ombe wa mnada. Alikuja kutuaga. Danieli alikuwa kitandani, sasa ameshindwa kuificha tena, na Lazaro alisimama mlangoni kwa muda mrefu akimtazama, vile alivyokuwa akitazama ng'ombe. "Shemeji," aliniambia tulipotoka nje, "mpeleke hospitali akapimwe ugonjwa wa ng'ombe wanaotupa mimba. Wasimpe tena dawa ya malaria." Ndivyo ilivyokuwa. Miezi kadhaa nyuma Danieli alikuwa amemsaidia ng'ombe mmoja kutoa kondo lililokwama, mikono mitupu, na ugonjwa ukapita hapo. Madaktari walikuwa wamemtibu malaria mara mbili. Lazaro ndiye aliyejua, akiwa amesimama mlangoni, mzigo wake umeshapakiwa kwenye lori.

Miezi ile ya baridi iliyofuata siwezi kuisimulia siku kwa siku, kwa sababu siku zote zilikuwa moja. Naamka, nachota maji, nawasha moto, nampa Danieli uji na vidonge, nakwenda kufundisha, narudi, nabadilisha shuka lililolowa jasho, nafua, napika, nasahihisha madaftari. Homa ilimwachia siku nne ikamrudia siku tano. Viungo vilimuuma hata hakuweza kukunja vidole. Nilimhamishia godoro chumba cha mbele, chini ya dirisha, apate jua la asubuhi na kelele za mbuzi. Pikipiki ilisimama uani imefunikwa gunia, na kila jambo lilionekana linangoja, ila sikujua linangoja nini. Kisha mwezi wa nane ikaja barua: Jumatatu gari litapita kuikusanya pikipiki mbovu kwenda Arusha. Sote tulijua maana yake. Katika uwanja wa vyombo vibovu kule Arusha pikipiki ziliingia, hazikutoka. Upande wote wa maboma ungebaki bila chombo, na Danieli angekwenda chuo huku nyuma yake pameandikwa kwamba kituo chake kilipoteza pikipiki.

"Naweza kuitengeneza," Danieli alisema Ijumaa jioni. Alijaribu kukaa, akashindwa. Nilimwambia, "Utaitengeneza kwa mdomo. Mikono nitaleta mimi." Hakucheka wala hakukataa. Labda alikuwa amechoka mno hata kushangaa.

Jumamosi asubuhi niliisukuma pikipiki mpaka chini ya dirisha. Yeye alilala akisikiliza, mimi nikapiga kiki, mara ya sita ikawaka, na yale maharage yakaanza kucheza ndani ya kopo. "Vuta mkono wa klachi," alisema kupitia dirishani. Nikavuta, mlio ukanyamaza. "Achia." Ukarudi. "Vuta tena, polepole." Akafumba macho, akanifanyisha hivyo mara kumi. "Ingekuwa inalia ukivuta, ningesema ni beringi ya kusukumia," alisema. "Lakini inanyamaza ukivuta. Ni bakuli la klachi, lile linaloshika pleti, ndilo linacheza, au ni gia. Kama ni gia, tumekwisha. Kama ni klachi, utaiona." Kisha akaongeza, bila mimi kumuuliza, "Utakuta pleti za chuma zimekuwa za bluu, kama chuma kilichotoka kwa mhunzi. Hilo ni joto la nusu klachi. Hiyo ni kazi ya Lazaro."

Nilimwaga oili kwenye karai kwanza, kwa uangalifu, maana haikuwa oili ya kutupa; ningeichuja kwa kitambaa na kuirudisha. Ndani yake palikuwa na vumbi la chuma linalong'aa, kama mtu amesagia sindano humo. Niling'oa mguu wa kiki. Skrubu za kifuniko zilikuwa zimeshikana kwa kutu, bisibisi ikateleza, nikajikwaruza kiganja. "Ipige kichwani kwanza, halafu uizungushe," Danieli alisema. Nilipiga, nikazungusha, na ya kwanza ikalegea kwa sauti ndogo iliyonifurahisha kuliko chochote nilichokuwa nimesikia mwaka ule. Kifuniko kilipotoka, gasketi yake, ile karatasi ngumu inayoziba oili, ilichanika vipande viwili. Mama Tarmo alikuja kusimama juu yangu na ungo wake wa mbaazi. "Mwanamke kufungua matumbo ya pikipiki," alisema. Hakusema ni vibaya. Alikaa kwenye kigoda, akaendelea kupepeta, na kila nilipotoa kipande alinisogezea sinia lake kubwa nikipange hapo, kwa zamu yake, kama Danieli alivyoagiza: springi, kisha sahani ya kukandamiza, kisha pleti, moja ya kizibo, gome laini kama la vizibo vya chupa, moja ya chuma, moja ya kizibo, moja ya chuma.

Nilizifuta zile za chuma kwa pindo la kanga. Zilikuwa nyeupe. Nilizigeuza upande wa pili, nikazipeleka juani. Nyeupe, safi, kama zimetoka dukani juzi. Nilikaa na moja mkononi kwa muda. Kutoka dirishani Danieli aliuliza, "Zikoje?" Nikamjibu, "Sijamaliza kuzifuta." Hilo lilikuwa neno la kwanza la uongo kumwambia mume wangu, na sikujua kwa nini nimelisema.

Nati ya katikati ilikataa kabisa. Alinielekeza nikate kipande cha katambuga kuukuu, vile viatu vya tairi, nikisokomeze kati ya meno ya gia ili bakuli lisizunguke, na nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote mpaka ikatoa mlio na kulegea. Nikalivuta bakuli. Lilikuwa na kucha pande zote, na kila ukucha ulikuwa umechimbika kwa kugongwagongwa na masikio ya pleti. Nyuma yake, kwenye mhimili, palikuwa na alama ya duara iliyosuguliwa, mahali panapong'aa kuliko pengine. Nilipapapasa kwa kidole. Pale palikuwa na kitu, zamani. Nilikwenda dirishani na mikono yangu nyeusi. "Danieli," nilisema, "nyuma ya bakuli hukaa nini?"

Alijibu haraka, kama mwanafunzi. "Washa. Bapa, nyembamba. Ndiyo inayolizuia lisiende mbele na nyuma." Halafu nilimwona usoni akilisikia jibu lake mwenyewe. Mbuzi mmoja alikuja akanusa karai la oili, Mama Tarmo akamfukuza. "Na pleti?" Danieli aliuliza mwishowe. "Nyeupe," nilisema. Akageuza uso ukutani. Baada ya muda aliniambia nitazame kwenye kopo la misumari, juu ya dirisha. Nililimwaga mezani. Kati ya misumari na vifungo vya mashati palikuwa na pete moja bapa ya chuma, imekaukiwa na oili.

"Siku ile nilipomaliza kufunga, ilibaki moja," alisema. "Nilijiambia ni ya zamani, imetoka mahali pengine. Kichwa kilikuwa kinazunguka, Vero. Sikuwa na nguvu ya kufungua tena."

"Na mkubwa alipokuuliza?"

"Nilijua na sikujua."

Nimelifikiri jibu lile miaka mingi. Wakati mwingine nimelichukia, wakati mwingine nimeona hakuna mtu aliyewahi kunijibu kwa ukweli zaidi. Siku ile sikulifikiri. Nilikuwa nimechoka, klachi imetawanyika kwenye sinia la mtu, na gari linakuja Jumatatu. Nilisema, "Utamwambia Lazaro?" Akasema, "Nikipona." Na mimi, nalazimika kulisema hili sasa kwa kuwa hakuna wa kulisema kwa niaba yangu, sikumsukuma. Tayari nilikuwa nimeanza kuota nyumba za watumishi wenye cheti, zenye bomba uani na jiko lisilovuja moshi. Nilitaka kuondoka vyumba vile. Nafasi ya Lazaro nilikuwa nimeshaanza kuishi ndani yake.

Jumapili niliazima tupa kwa mzee Mkumbo, Mnyaturu aliyekuja toka Singida kuchuma kahawa kwenye shamba la chini, ambaye kwa tupa ile alinolea mapanga ya wenzake wote. Alinionyesha namna ya kusukuma mbele tu, bila kurudisha nyuma kwa nguvu, nami nikazisawazisha kucha za bakuli, moja baada ya moja, kiasi kilekile kila upande, mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Nilikata gasketi mpya kwenye jalada la rejista ya mahudhurio iliyojaa: nililiweka juu ya mdomo wa injini, nikaligongagonga pembezoni kwa nyundo ndogo hadi likajikata lenyewe, nikalipaka oili. Nikarudisha washa mahali pake, kisha bakuli, kisha pleti kwa zamu yake. Danieli alitoa maelekezo kwa sauti ya chini, neno moja moja, na hapakuwa na mazungumzo mengine. Jioni ile, jua likiwa bado juu ya miti ya barabarani, nilipiga kiki. Ikawaka. Niliachia mkono wa klachi. Injini iliunguruma kavu, sawasawa, bila maharage. Mama Tarmo alisema, "Amepona kikohozi," akachukua sinia lake akaenda kuliosha kwa majivu.

Gari lilipokuja Jumatatu, dereva aliisikiliza pikipiki akasema hii si mbovu, akaondoka bila hiyo.

Lazaro alikuja wiki tatu baadaye, amepewa nafasi kwenye landrova ya misheni, kufuata chanjo. Alikuwa amekonda, na vumbi jeupe la Malambo lilikuwa limeingia kwenye mistari ya viganja vyake. Alituletea asali ya kwao Samunge kwenye kibuyu. Danieli alikuwa amekwenda hospitali kuchomwa sindano yake, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nilimpa chai, akaitia asali yake mwenyewe kwa kuwa mimi sikuwa na sukari, na wakati anakunywa aliitazama pikipiki uani.

"Nani aliifungua?" aliuliza.

"Mimi."

Alitikisa kichwa kidogo, kwa heshima. "Ulikuta nini, shemeji?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema kucha za bakuli zilichakaa, ambayo ilikuwa kweli. Nilifungua mdomo, nikasema, "Washa haikuwepo. Na pleti zilikuwa nyeupe."

Aliweka kikombe chini. "Nilijua ni kitu nyuma ya bakuli," alisema. "Iliacha kuwa nzima siku Danieli alipoifunga. Niliisikia kabla sijafika hata lango la Lodoare."

"Kwa nini hukusema? Ungemwambia mkubwa."

"Danieli alikuwa na homa. Wewe ndiye uliyekuwa unamlisha. Ningekwenda kumshtaki mtu anayeshindwa kusimama?" Alikishika tena kikombe. "Nilisubiri apone aseme mwenyewe. Muda ulikwenda."

Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo alikuwa ameiacha mahali fulani njiani kati ya maboma. Hilo lilinichosha zaidi kuliko kama angenitukana. Alimaliza chai, akashukuru, akaenda kuchukua chanjo zake.

Danieli aliporudi nilimwambia kabla hajavua koti. "Lazaro anajua. Alijua tangu mwanzo." Aliketi kwenye kiti cha mbao, koti likiwa bado mwilini. Asubuhi iliyofuata aliandika barua. Ilikuwa fupi: klachi aliiharibu yeye, Lazaro hakuwa na kosa, anaomba nafasi irudishwe kwa mwenyewe. Niliipeleka mimi kwa mkono mpaka ofisini kwa mkubwa, kwa sababu nilimjua mume wangu. Ingekaa juu ya meza siku moja, siku ya pili ingekuwa chini ya godoro.

Mkubwa aliisoma mara mbili. "Mama," aliniambia, "majina yamekwenda juu mwezi uliopita. Nikiyarudisha, nafasi itapewa wilaya nyingine, na hapa hataenda Danieli wala Lazaro." Akafungua droo, akaiweka barua humo, akaifunga. Nilibaki nimesimama. Ninajua nilipaswa kusikitika, na nilisikitika, lakini chini ya masikitiko palikuwa na kitu chepesi, nafuu ya mtu aliyerudisha alichochukua akaambiwa, kaa nacho. Nafuu ile sijawahi kujisamehe. Labda ndiyo iliyonipa ujasiri. Nilisema, "Basi pikipiki apewe Lazaro. Iende Malambo ikae huko. Ni nzima, nimeifunga mimi." Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Haya," alisema. Akaandika hati palepale.

Lazaro alikuja kuichukua wiki ileile Danieli aliposafiri kwenda chuo. Walikutana stendi asubuhi. Lazaro alimbebea sanduku la bati, kwa kuwa mgongo wa Danieli ulikuwa bado haujakubali mizigo, akalikabidhi kwa utingo juu ya basi, na wakasimama pembeni, mimi katikati yao. Danieli alianza, "Lazaro, ndugu yangu, mimi—" akaishia hapo. Lazaro alimngoja. Alipoona hamalizii, alisema yeye.

"Nenda kasome. Lakini kila watakachokufundisha, uniandikie. Sitaki salamu. Nataka somo lenyewe, lote, kama lilivyo ubaoni. Kule kwetu hatuna kitabu hata kimoja."

"Nitakuandikia," alisema Danieli.

"Kila wiki."

"Kila wiki."

Sikuliamini lile. Nimesikia ahadi nyingi stendi. Lakini mwezi wa kumi na mbili Danieli aliporudi likizo, cha kwanza alichotoa kwenye sanduku ni rundo la madaftari, kila moja na mwenzake. Alikuwa amenakili kila somo mara mbili: nakala yake kwa haraka, na nakala ya Lazaro kwa mwandiko mzuri na picha za matumbo na mapafu zilizopigiwa mstari. Nyingine alikuwa ameshazituma, na kati ya zake palikuwa na barua alizojibiwa. Alinisomea moja mezani. Lazaro alikuwa ameandika: "Somo la tano nimelielewa. La sita, juu ya homa ya mapafu, mwalimu wenu amekosea. Ng'ombe wa huku hawaanzi kukohoa. Huanza kusimama mbali na wenzao, viwiko vimetanuka. Mwambie aje aone." Danieli alisema alikuwa amempelekea mkufunzi barua ile, naye akaisoma mbele ya darasa zima na kuuliza huyu ni nani, na kwa nini hayupo hapa.

"Ukamjibuje?" nilimuuliza.

"Nilisema ukweli. Nilisimama, nikasema nafasi hii ilikuwa yake."

Haikubadilisha kitu. Danieli alipata cheti, akapanda cheo, nikapata ile nyumba yenye bomba. Lazaro alibaki Malambo na daraja lake la chini mpaka kustaafu. Vijana wenye vyeti walitumwa kumsimamia, nao wakawa wanamuuliza yeye. Madaftari yale hayakumpandisha cheo, na sitaki kuyafanya yawe zaidi ya yalivyokuwa. Lakini likizo ile, alasiri moja, nilitoka uani kuanua nguo nikamwona Danieli kupitia dirishani. Alikuwa mezani, ameinama, anamnakilia Lazaro somo ambalo alikuwa amelichelewesha. Vidole vyake vilikuwa bado vinavimba mwisho wa siku. Kila baada ya mistari michache aliweka kalamu chini, akavikunja na kuvinyoosha, akaishika tena. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilisimama pale na nguo begani kwa muda mrefu, nikimtazama anavyoandika. Sikumwambia apumzike.